Ndiyo ya Kepher

Kambi ya Juu,
Kericho,
4 Mei 1934

Kepher ameshikwa, Loice! Wanasema amechoma kibanda cha kuni cha kiwanda, na yeye mwenyewe amekubali, na hakuchoma!

Nisamehe, dada mpendwa, nimelia kabla ya kusalimu. Hamjambo huko Kisumu? Kifua cha shemeji Nyaberi kimepoa? Naandika Kiswahili ili naye asome mwenyewe, maana Kijaluo chake bado ni cha kuombea maji tu. Mimi mwili ni mzima. Kikapu changu cha chai hujaa wenzangu wakiwa bado nusu, na nyapara anajua.

Sikufichi, mtoto ameharibika. Tangu arudi kutoka kwa shemeji yangu Joab ameiba sukari dukani, amemng'ata nyapara mkono, amelala porini siku nne njia ya Soin. Na ni huyu huyu aliyesoma Zaburi kanisani akiwa na miaka saba bila kukwama, mpaka karani akauliza, "Huyu ni wa nani?" Nilisimama watu wote wanione.

Lakini siku ya moto alikuwa nami nyumbani, tunachambua mboga. Bwana wa shamba alimwuliza, "Wewe hukuchoma?" Akajibu, "Ndiyo, bwana." Wewe na mimi tunaelewa: ndiyo, sikuchoma. Mzungu alisikia ndiyo, nimechoma, akaandika. Nikapiga kelele, "Kepher, sema hapana!" Akanitazama, mkojo ukamtoka mbele ya watu, mtoto wa miaka kumi na mitatu. Akasema, "Ndiyo, mama."

Hapana hawezi kuisema tena. Joab aliitoa kinywani mwake kwa mshipi wa ngozi. "Kwangu neno ni moja," ndivyo alivyoniambia yule shemeji yangu, nami nikacheka, nikatangaza kambi nzima kwamba mwanangu analelewa na mwalimu, ndugu wa marehemu baba yake.

Wewe uliniandikia, Loice. Ulisema amekimbilia kwako, ukamwosha mgongo kwa maji ya chumvi, Dorcus wako akishika karai huku analia. Nikakujibu una wivu kwa sababu wanao hawana mwalimu. Kisha nikamrudisha kwa Joab mimi mwenyewe, mara mbili, nimemshika mkono, nimevaa viatu vyangu vya kanisani. Barua yako ninayo. Nimeisoma mpaka imekatika kwenye mikunjo.

Sasa Joab ataitwa mbele ya Bwana Shauri atakayeamua kesi, atasema mtoto alizaliwa mwovu. Mimi ni mama, nani ataniamini? Wakimchapa tena viboko, Loice, watanirudishia ngozi tu, mtoto hatakuwamo. Njoo useme ulichokiona. Mweleze Bwana Shauri ile ndiyo ni ya namna gani. Shemeji Nyaberi aje na koti lake, mzee wa kanisa husikilizwa. Dorcus aje. Nitawachinjia yule jogoo mwekundu ambaye kambi nzima inamtamani.

Msalimie mama mkwe wako Wilkista, na watoto wote kwa majina yao. Mungu aikaushe barabara mbele yenu.

Ni mimi ndugu yako, niliyekutukana na ninayekupenda,
Mama Kepher

Kesi ni Jumatatu asubuhi. Nitawangoja nyote njia panda Jumapili, tarehe 13.