Kama Kulwa Alilia

Jumatano, 2 Julai 2025
Korogwe, wodi ya wazazi

Leo nimeweza kushika kalamu. Mkono bado mzito, macho nayo — herufi zinapandana. Nesi kasema ni dawa za kifafa cha mimba, zitaisha mwilini taratibu.

Ngoja nikumbuke. Nilikuwa nyumbani Handeni, uani, napukuchua mahindi na mama mkwe. Kichwa kikauma sana. Nikaona vimulimuli, mchana kweupe! Basi. Baada ya hapo hakuna kitu. Kuja kuamka niko Korogwe, tumbo limeshonwa, na pembeni kuna mtoto wa kike. Ambulensi, barabara, operesheni — sina hata kipande kimoja.

Nilikuwa na wawili. Nimeamka na mmoja.

Hashim, mume wangu, aliniambia huku akikunjakunja ncha ya shuka. Wa kiume alitangulia kutoka, hakuishi. Wameshamzika, yeye na baba yake mkubwa, Mzee Semboja, hapa hapa Korogwe, Kilole, nyuma ya nyumba ya mzee. Mimi nilikuwa sijitambui.

Machozi hayakuja. Nilimgeukia huyu aliyebaki nikaanza kumtazama. Ana vinyweleo mpaka masikioni!

Ijumaa, 4 Julai

Kitanda cha pili yupo Josefina, Msambaa wa Lutindi. Huyu ni mtoto wake wa nne na anacheka kila kitu. Leo ameniambia, mwenzangu, mbona unamkagua hivyo kama mnunuzi wa mahindi? Mwanao huyo, hana wadudu!

Lakini nitaachaje? Kila saa ana jipya. Anapiga chafya mbili mbili. Ukimwekea kidole kiganjani anakikamata, na ana nguvu. Kichwa ni kama chungwa la wastani. Akilala anakunja uso kama mtu anayekumbuka jambo. Jambo gani sasa, na amekuja juzi tu?

Nesi amenifundisha kumlaza kifuani, ngozi kwa ngozi, kwa sababu ni mdogo. Tukiwa hivyo akashikwa na kwikwi.

Kwikwi ile naijua! Tumboni walikuwa wanakaa mmoja juu, mmoja chini. Wa juu ndiye alikuwa na kwikwi, chini ya mbavu, kila nikimaliza kula. Wa chini alikuwa wa mateke. Alinipiga kibofu mpaka nikakatiza maulidi ya jirani nikakimbilia chooni.

Kumbe ni wewe, wa juu.

Basi aliyeondoka ni wa mateke. Sikutegemea. Yule ndiye alikuwa na fujo.

Jumapili, 6 Julai

Kanga zangu za zambarau zilikuja mbili, nilizinunua kwa ajili ya siku hii. Nimeona moja tu. Nimemuuliza Hashim.

Akaanza tena kukunja ncha ya shuka. Halafu akasema nyingine ameondoka nayo mwenzake.

Nikasema vizuri. Kweli nimefurahi. Huyu nimemfunga katika hii iliyobaki.

Jumanne, 8 Julai

Tumeruhusiwa. Josefina kamkagua mtoto mbele ya wodi nzima, mpaka nyayo, kisha akatangaza kwamba mzigo ni daraja la kwanza. Nilicheka huku nimeshika mshono. Unauma!

Jumatatu, 14 Julai
Handeni

Mtoto anaitwa Munira, jina la mama yangu marehemu. Lakini majirani hawana habari na Munira. Wote walijua nina mapacha. Wakiingia tu: Doto hajambo? Doto ananyonya? Wa kwanza Kulwa, wa pili Doto, ndivyo watu wanavyowaita.

Mama mkwe hataki. Leo amemkatiza Bi Mwaija wa nyumba ya jirani, mbele ya uji. Amesema huyu ni Munira, ukimwita Doto unamwita na mwenzake, unataka aje amchukue? Bi Mwaija akajibu kwamba wewe Maryamu unaogopa mtoto mchanga, na nyoka unaua kwa mchi! Wakacheka wote wawili, lakini mama mkwe alikuwa wa kwanza kuacha.

Walipoondoka nilimuuliza, mama, yeye aliitwa nani?

Akasema, mwanangu, kile kiumbe hakikulia. Asiyelia haswaliwi, hapewi jina. Amehifadhiwa tu. Usijichoshe.

Amesema kwa upole. Ananichotea maji, ananikanda na maji ya moto kila asubuhi, siwezi kumlaumu. Ila kile kiumbe! Kilichonitoa kwenye maulidi!

Jumamosi, 26 Julai

Munira amegundua mwanga. Anaangalia dirisha, ukimhamisha anageuza macho kulitafuta. Ana kope sasa. Zilikuja lini?

Swali halinitoki. Nani alisema hakulia?

Mama mkwe kasema aliambiwa na Hashim. Nimemuuliza Hashim jioni, anapanga machungwa kwenye magunia. Kasema yeye alikuwa nje ya mlango. Alisikia mtoto mmoja analia, mmoja tu, akaletewa wawili. Akajumlisha mwenyewe.

Nikamwambia basi hujui. Akakubali kwamba hajui. Akaendelea na machungwa, lakini alikuwa anaweka mabovu pamoja na mazima.

Nataka kujua. Sitaki kugombana na mtu. Kama hakulia, nitaelewa. Kama alilia, hata mara moja, basi mwanangu amelala pale bila swala na bila jina, na mimi ndiye niliyekuwa sipo.

Jumatano, 13 Agosti

Arobaini imepita. Kesho Hashim anapeleka machungwa Korogwe, nami nina kliniki. Nimesema nitamtafuta nesi aliyekuwepo. Mama mkwe alisikia, akaingia ndani. Nilipofungua mkoba kuweka nepi nikakuta ubani, umefungwa kwenye pembe ya leso yake. Nimeurudisha palepale. Sikumuuliza.

Alhamisi, 14 Agosti
Kilole, kwa Mzee Semboja

Nimempata! Anaitwa Dorkasi, mnene, sauti ya kwaya. Nimemwamkia shikamoo sista, akasema marahaba, kisha akamwona Munira. Akapiga kelele kwamba huyu si yule king'ora?

Nikamweleza ninachotaka. Akanivuta tukakaa kwenye benchi la nje. Hakuharakisha.

Anasema yeye ndiye aliyempokea wa kiume. Alikuwa mzuri, nywele nyingi. Kifua kilipanda mara moja, hilo aliliona kwa macho yake. Akafungua mdomo. Papo hapo na huyu wa pili akatolewa, analia chumba kizima! Kama mwenzake alitoa sauti, yeye hakuisikia. Walimhangaikia kifua, hakikupanda tena.

Nikamuuliza, alifungua mdomo vipi? Akanionyesha. Sista mtu mzima, kwenye benchi, mdomo wazi kidogo kama anayetaka kuuliza jambo.

Nikacheka, halafu ndipo machozi yakaja. Yote ya tangu Julai. Yeye akambeba Munira mpaka nilipomaliza.

Hashim nilimwambia tukiwa njiani kuja hapa. Alisimama katikati ya njia, bodaboda ikampigia honi. Akasema, kifua kilipanda? Nikasema mara moja. Akarudia, kilipanda.

Ijumaa, 15 Agosti
Kilole

Asubuhi nimemwona. Nyuma ya nyumba, kando ya mchungwa mchanga. Mahali padogo, pamezungushiwa mawe, hamna jani hata moja, na udongo una majimaji. Nikamuuliza mzee nani anapatunza. Akashangaa. Kwani Hashim hajakwambia? Kila akileta machungwa hupitia hapa, anafagia, anamwagia maji. Na anakaa sana, bwana! Namsikia anaongea, nikidhani ana mgeni nakwenda na kiti, kumbe yuko peke yake.

Sikujua. Nilidhani ananyamaza kila mahali.

Sasa wametoka swala ya Ijumaa, wamekuja na Ustadhi Mbaruku. Wako mkekani nje ya dirisha hili, mimi niko ndani na Munira mapajani, nawasikia vizuri. Mzee Semboja ameanza na bei ya mahindi, ustadhi akamwambia mzee, tumeitiwa mtoto, mahindi hayakimbii. Hashim ameeleza yote. Hakupunguza, hakuongeza. Hata lile la mdomo.

Ustadhi ameuliza, aliyekiona kifua kikipanda ni nani? Nesi. Ana uhakika? Ana uhakika.

Kuku anapita.

Amesema uhai si sauti peke yake. Kifua kikipanda, huyo alikuwa hai. Anapaswa kuswaliwa hata sasa, hapo hapo alipo.

Mzee Semboja anaitikia alhamdulillahi. Hapa herufi zinapandana tena. Ubani uko mkobani. Niutoe? Ngoja kwanza.

Ustadhi anauliza, baba, mlishampa jina?

Hashim hakungoja hata kidogo! Amejibu palepale, kama mtu aliyeulizwa jina lake mwenyewe. Na Munira naye kaamka wakati uleule, kalia chumba kizima — king'ora! — sikusikia kitu. Nimeona mdomo wa Hashim tu dirishani, ukifunguka, na mzee akitikisa kichwa kama anayelijua siku nyingi.

Wanasimama. Wanavaa viatu. Nimemfunga Munira mgongoni kwa ile kanga, bado analia, na mlango wa nyuma uko wazi, nakwenda kumuuliza Hashim jina la mwanangu.