Kipimo Chako na cha Mdogo Wako

Mume wangu Ndesario,

Nakuandikia kwa sababu mdogo wako Aminieli hanisikii, na wewe ndiye mtu pekee aliyekuwa akimtii.

Unakumbuka siku uliyonifuata maabara, mjini Moshi? Mimba yetu nyingine ilikuwa imeharibika, na mama yako alikuwa hanitazami usoni. Ukasema, "Nipime na mimi. Mimba si ya mtu mmoja."

Nilikueleza kazi yangu: mbegu ya kiume hubeba nusu tu ya vinasaba, nusu nyingine hutoka kwa mama. Tunazitia rangi, tunazipitisha kwenye mashine, na mwanga wake unatuonyesha kila moja imebeba kiasi gani. Ukacheka, "Kwa hiyo leo nitaambiwa mimi ni nusu mwanaume."

Mwanga wako haukutulia. Baadhi ya mbegu zilibeba mara mbili, nyingine pungufu. Nilirudia, nikidhani nimekosea rangi. Ukaacha kucheka.

"Ni ile dawa ya kupulizia kahawa?"

Nilikujibu kwamba kipimo hakisemi chanzo. Hata leo hakisemi. Lakini tangu ujana wako ulikuwa ukiikoroga kwa mikono mitupu. Baadaye ukaugua saratani ya damu, tukakuzika Uru kihambani, kwenye shamba la ukoo, katikati ya migomba.

Juzi Aminieli alikuja maabara na mkewe. "Shemeji, nipime kama ulivyompima kaka." Nilitamani kukataa. Mwanga ulipoanza kutawanyika kwenye kioo cha mashine, nilirudia tena kipimo. Ulikuwa kama wako.

Nilimwambia yote, nikamsihi aiache dawa. Akavaa kofia yake. "Tusipopiga dawa, kahawa inakufa. Tutakula nini, shemeji?"

Mkewe alikuwa ameweka mkono tumboni. Nikamuuliza kwa macho. Akaitikia kwa kichwa. Tayari ana mimba.

Leo asubuhi nimepanda Uru. Nimemkuta Aminieli akikoroga dawa, nikamshika mkono. Ameutoa taratibu, kwa heshima, akaendelea. Nikaja kusimama kaburini kwako, maana sikujua pa kwenda. Upepo ulikuwa unashuka kutoka mlimani, na harufu ya dawa ikanifikia hapo hapo. Nyuma yangu, mlangoni pa nyumba yao, mkewe alikuwa anaanua nguo za shamba za mumewe zenye madoa ya dawa, amezikumbatia kifuani, anaimba pambio la kanisani.

Pumzika, baba. Mimi nitarudi kwao kesho, na keshokutwa, hata wakinichoka.

Mkeo