Swali Ulilowajibu Benki

Mama Neema,

Wiki hii benki imeniuliza swali kuhusu sisi wawili, nalo likanishinda.

Mashine ilimeza kadi yangu hapa Bukoto, nikapiga simu kuomba nyingine. Binti aliyepokea alijaribu Kiingereza, akajaribu Kiluganda, mwisho akanihurumia kwa Kiswahili chake cha Kampala. Nikatoa jina, nikatoa mwaka wa kuzaliwa.

"Sasa swali ya siri, mzee. Wewe na bibi yako mulikutana wapi mara ya kwanza?"

Unakumbuka watu wa benki walivyotupigia kuweka swali hilo tulipofungua akaunti ile? Nilikuwa nasoma na sikutaka usumbufu, nikakupa simu: "Wajibu wewe." Ukaenda nayo jikoni. Nilikusikia ukicheka, wala sikuuliza unacheka nini.

"Uvira," nikamwambia binti bila kufikiri.

"Hapana, mzee."

"Nyumbani kwa baba mkwe wangu. Nilikuwepo."

"Najua ulikuwepo, mzee. Kompyuta ndiyo inakataa."

Nikajaribu kanisani, maana tulifunga ndoa huko. Ikakataa tena. Akaniambia imebaki nafasi moja. Nikikosea, akaunti inafungwa mpaka niende mwenyewe na kitambulisho. Kitambulisho changu cha ukimbizi bado kiko ofisini kikisubiri kufanywa upya, na foleni zile unazijua. Nikamwomba anipe muda.

Tangu hapo nimetembea na swali hilo hadi sokoni na kurudi. Nilijua hatari ya kukosea, lakini zaidi nilitaka kujua: kwako wewe, tulikutana wapi?

Siku ya posa kule Uvira mimi nilikuona. Wewe, kwa desturi yetu, uliketi umefunikwa kitenge, macho chini, wajomba wakizungumza juu ya vichwa vyetu. Baadaye ulipenda kuwatania wageni: "Mimi niliposwa na jozi ya viatu. Mwenye viatu sikumwona." Kisha vita vikatutawanya kabla ya harusi. Ninyi mkavukia mpaka wa Bunagana. Mimi nikazungukia Tanzania, mwisho nikashukia bandari ya Port Bell kutoka kwenye meli ya mabehewa ya mizigo.

Hapo ndipo nilipolikumbuka soko la Owino, hapa Kampala. Ulikuwa unauza blauzi za mitumba. Nilikutambua kwa mbali, nikaja nikataja jina langu, na wewe ukatazama kwanza miguu yangu.

"Viatu viko wapi?"

"Viliishia njiani."

"Basi nitakujuaje?" Hukutabasamu. "Wanaume wengi hapa wanajua jina hilo. Siku ya posa, mjomba wangu mkubwa alikunywa nini?"

"Maziwa. Alisema tumbo linamsumbua, halafu akamaliza na pombe ya wenzake."

Ndipo ukainua macho ukanitazama usoni, polepole, kama mtu anayekagua shati kabla ya kulinunua. "Kumbe ndiyo sura yenyewe," ukasema, ukanisogezea kigoda.

Huko Uvira mimi nilikutana na wewe. Wewe ulikuwa hujakutana nami. Miaka yote tuliyoishi pamoja sikuwahi kuiona tofauti hiyo.

Leo asubuhi nimepiga tena, akapokea binti yuleyule.

"Owino," nikasema.

Nikasikia vidole vyake vikigonga. "Eeh, mzee. Imekubali. Lakini Owino? Kwenye nguo?"

"Kwenye blauzi."

Akacheka, akaniahidi kadi mpya. Kisha akauliza kama ningependa kubadilisha swali, niweke jingine rahisi lisilonisumbua. Nikamwambia aliache hilohilo. Hakuna mtu mwingine siku hizi anayeniuliza tulikutana wapi.

Pumzika kwa amani, Mama Neema. Wakiniuliza tena, nitawajibu ulivyowajibu wewe.

Mume wako,
Baba Neema