Usimwache Paulo Aje Uvira

Mulongwe, Uvira

Kwako yaya Feza, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu weye na wote walioamka salama chini ya paa la baba. Mguu wa mama umepona? Na mihogo ya kando ya mto, mafuriko yaliiacha? Minye niko mzima wa mwili, na mwanangu Sifa ameanza kutembea akishika ukuta. Moyo ndio haujatulia. Barua hii usomewe yote kabla Paulo hajafunga mizigo yake.

Umeniandikia kwamba mdogo wetu amemaliza jeshi, anakaa nyumbani bila kazi, na anafikiri kuja kwa shemeji yake Kashindi kutafuta maisha. Namwelewa. Yeye na mume wangu walichukuliwa kwa njia moja: chifu aliambiwa atoe vijana, akawatoa wale wasio na mtu wa kuwatetea. Ujana wao wote uliishia kambini, na siku ya kutoka wakarudishiwa nguo zao za nyumbani, ambazo haziwaenei tena.

Yaya, maisha hapa ni magumu. Tulipofika, Kashindi alikuwa anabeba marobota ya pamba bandarini Kalundu, tukala vizuri. Tangu uhuru, wazungu wa pamba wameondoka na kamyo za mizigo zinakuja moja moja. Chumvi tunanunua kwa kijiko. Sabuni naikata kwa uzi, kipande cha nguo, kipande cha mtoto. Samaki ndakala wanavuliwa hapa mbele ya macho yetu, lakini wafanyabiashara wanawavusha ng'ambo Usumbura, sisi tunabaki na bugali na sombe ya majani ya mihogo isiyo na mafuta. Kile kikwembe cha kujifunga ulichonipa siku ya ndoa nimekiuza. Usikasirike, mwenye nyumba alikuwa amesimama mlangoni akidai kodi.

Kila asubuhi Kashindi alizunguka biro kwa biro akiomba kazi. Wanamwuliza, "Weye unajua kazi gani?" Anajibu, "Najua bunduki. Najua kutembeza askari." Wengine wanacheka, wengine wanamtazama kwa woga. Akirudi anakaa mlangoni mpaka giza liingie.

Basi siku moja adhuhuri alikuja Rubeni, mwenzake wa jeshini. Alileta nyama ya mbuzi na mfuko mzima wa chumvi. Waliongea Kifuliiru, lugha ya kwao, na unajua minye sikisikii. Nilikuwa napika huku nasikia jina la mume wangu likirudiwa, na kila mara Kashindi anaitikia kwa kichwa. Nilimwuliza Rubeni kwa Kiswahili kama amepata kazi.

"Iko kazi, mama Sifa," alisema. "Iko nyingi."

Baada ya hapo Kashindi akaanza kupanda mlimani Rurambo, akisema anakwenda kupasua mbao. Alirudi na unga, mafuta ya mawese, hata sukari. Nilifurahi, sitakudanganya. Mtoto alinenepa. Lakini nguo zake nazifua mimi, na sikuona unga wa mbao hata chembe. Zilinuka mafuta ya bunduki. Harufu ile niliizoea tulipokaa kambini.

Sokoni nilimkuta mwanamke anayeshuka na maziwa kutoka huko Rurambo. Nikamwuliza kuhusu kazi ya mbao. Kwanza akatazama nyuma yake.

"Mbao zipi, mama? Kwetu iko ng'ombe tu. Na sasa vijana, wengi. Wanakimbia mlimani na fimbo mabegani kama bunduki."

Akabeba maziwa yake akaenda, hata sijanunua.

Tulipokuwa tunakula nikamwambia Kashindi kwamba nimejua, mlimani hakuna mbao, wako waasi.

"Sipigani," alisema. "Nawafundisha tu."

"Na ukimaliza kuwafundisha?"

Aliendelea kumega bugali. Halafu akasema, "Mama Sifa, kila mlango ulifungwa. Hawa wameniuliza najua nini, nikawaambia, nao wakafurahi."

Alisema kweli, yaya. Hilo ndilo linaloniuma mpaka sasa.

Kisha shefu wa kartiye, mkuu wa mtaa wetu, akapita akitangaza kwamba kila aliyewahi kuwa askari aende biro ya serikali kujionyesha, na asiyekwenda atahesabiwa kuwa adui. Jirani yetu Andrea, aliyetoka jeshini akawa anatengeneza baiskeli, alikwenda kwa sababu hakuwa na kosa. Mke wake alipompelekea chakula, aliambiwa hapo hakuna muntu wa jina hilo. Baiskeli za watu bado zimelala uani kwake, hakuna anayethubutu kuja kuchukua yake. Kashindi alipoona hivyo alipanda mlimani, na hajashuka tena.

Jana Rubeni alipita na unga mwingine. Niliukataa, akauweka chini hivyo hivyo. Akaniambia, "Ndugu yako Paulo, Kashindi amekwisha kumtumia habari kwa mdomo wa dereva wa kamyo. Amemwambia iko kazi ya mbao."

Nilimwambia Paulo ana mama.

"Wote wana mama," alinijibu kwa upole, kama mtu anayenifariji.

Ndiyo maana nakuandikia, yaya. Mbao hazipo. Akikasirika, akasirike. Akisema ataonekana mvivu, mwache alime mihogo na aonekane mvivu. Hapa mtu aliyeshika bunduki anatafutwa na walio juu mlimani na walio chini mjini, na sijaona aliyerudi kutoka upande wowote.

Ikiwa barua hii itamkuta ameshaondoka, usimwambie mama. Kesho minye nahamia Sange na mtoto, kwa mama mmoja anayepikia wasafiri pale kamyo za Bukavu zinaposimama kabla ya kufika Uvira. Nitamwoshea vyungu, na nitatazama kila sura inayoshuka, nikimtafuta Paulo. Watu wa Rubeni nao wanakaa pale kivulini, nimewaona. Wanapokea vijana kwa chakula cha moto.

Msalimie mama, na shemeji mume wako, na shangazi anayefinyanga vyungu. Mshukuru katekista atakayekusomea, mwambie asisome kwa sauti kubwa.

Paulo usimpe salamu zangu. Mshike mkono, umkalishe chini.

Mdogo wako anayekupenda,
Nyota, mama Sifa