Kilicho Nyuma ya Kigoda

Malili,
6 Februari 1977

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka hapa barabarani. Mimi ni mzima, na duka linaendelea vizuri, malori hayakosi kusimama. Je, wewe? Goti limepoa? Mvua imewaonjesha huko Mulango ama bado?

Nakutumia kamera kwa mkono wa Mutunga, yule mnunuzi wa ndengu. Tafadhali nipigie picha za vile vigoda vinne alivyoacha marehemu baba, kila kimoja peke yake. Kidude cha kubonyeza kiko juu, upande wa kulia. Filamu ikiisha, mpelekee Shee wa studio pale Kitui mjini aisafishe na akuwekee nyingine. Usichelewe, Mwaitu. Nina haraka.

Mwanao,
Mulei


Mulango,
20 Februari 1977

Mwanangu Mulei,

Nimefurahi kusikia u mzima. Goti ni lile lile, na mvua ni mawingu ya kupita tu. Tunamshukuru Mungu, tumeamka.

Kazi yako nimeifanya. Nilivisugua vigoda kwa majivu mpaka zile nyaya za shaba zikawaka, kisha nikavipaka mafuta ya kupikia. Nani hupigwa picha bila kujipaka mafuta? Nikavitoa uani saa sita, jua likiwa utosini. Jirani yetu Nzuki akasema hajawahi kuona picha isiyo na mtu, akakalia kimoja akiwa amevaa koti lake la kanisani.

Shee alipozitoa alicheka hadi akavua miwani. Lakini ni picha, nakutumia zote. Mwanzoni mwa filamu kulikuwa na mbili zako, kigoda chako juu ya kaunta ya dukani. Hizo nimejiwekea ndani ya Biblia.

Sasa nieleze. Baba yenu alichonga kigoda kwa kila mtu wa nyumba hii: chake, changu, cha dada yako Nthenya, cha kaka yako Kisilu na chako. Unavijua vyote kwa makalio. Picha za nini?

Mama yako,
Syokau


Malili,
1 Machi 1977

Mwaitu,

Natumai barua hii itakukuta salama. Mimi sijambo, ila usingizi umenikimbia kidogo.

Picha hazifai hata moja. Moja ni mng'ao mtupu, nyingine ni kivuli chako na kilemba chako, na ile nzuri ina Nzuki. Tafadhali fuata haya. Usivisugue tena! Watu hawa wanapenda uzee wa kitu. Pangusa mafuta kwa kitambaa kikavu. Usipige juani. Weka kigoda ndani, karibu na mlango ulio wazi, asubuhi, mwanga uingie kwa upande. Tandika shuka jeupe, ulipandishe ukutani nyuma yake. Kamera iweke juu ya kinu, usiishike mkononi, na uzuie pumzi unapobonyeza. Piga pia upande wa chini, na ufa kama upo, usiufiche. Zaidi ya yote, tazama kilicho nyuma. Mtu hutazama kitu chake tu, lakini kamera huchukua kila kilichoko.

Umeuliza, nami nitasema. Kuna mzungu hupita hapa akienda Mombasa, anakusanya vitu vya zamani. Anataka kuona picha kabla ya kuchagua. Atapita mwisho wa mwezi. Vigoda vinakaa tu kwenye kona vikiliwa na wadudu, Mwaitu. Changu nitabaki nacho, nakikalia hapa kila siku.

Mwanao,
Mulei


Malili,
19 Machi 1977

Mwaitu,

Hujambo? Mbona kimya? Kila basi la Kitui likisimama nakimbilia mlangoni kuuliza barua. Hata Mutunga nimemlaumu bure. Umekasirika? Andika hata mstari mmoja. Siku zinaniishia.

Mulei


Mulango,
23 Machi 1977

Mwanangu Mulei,

Mimi ni mzima. Nilikasirika, ndiyo. Nilikasirika nikiwa na kamera mkononi, maana ulinifundisha na mimi nikajifunza. Siku nne nimepiga, asubuhi kwa asubuhi, juu ya kinu, pumzi nimezuia mpaka Nzuki akadhani nimeugua. Zimo humu ndani. Shee anasema hata yeye angeziweka dirishani kwake. Katika ile ya chini ya kigoda cha baba yako, ona alama ya patasi ilipoteleza. Nilikuwepo siku hiyo. Alitukana, mzee wa kanisa mzima.

Nilipokuwa nasubiri za Shee nilifungua Biblia nikaziona zile mbili zako. Nikakumbuka umeniambia nitazame kilicho nyuma. Nikatazama.

Nyuma ya kigoda chako kuna rafu za duka lako. Pakiti moja ya chumvi. Mizani imelazwa chini. Na mahali pa sukari, amelala paka.

Mulei, kwa nini unamdanganya mama yako? Duka kufa si dhambi. Mimi nimezika mbegu misimu mitatu na sijajificha kwa mtu.

Na kama kigoda chako ni cha kukaliwa, kwa nini nacho kilipigwa picha juu ya kaunta? Kama unacho, kikalie unijibu. Kama huna, sema.

Vigoda ni vya baba yenu, picha ni zako. Chagua mwenyewe umpe mzungu au usimpe. Lakini ya mwisho ni yangu, nimekupigia wewe. Nimevipanga vyote vinne mlangoni na nikaacha nafasi ya kimoja. Nyuma yake hakuna kitu, nimehakikisha.

Mama yako,
Syokau


Malili,
2 Aprili 1977

Mwaitu,

Nakusalimu kwa aibu.

Sina. Kilienda mwezi wa kwanza. Mzungu alikipakia kwenye gari, mimi nikamfungulia mlango. Jioni nikajikuta nimesimama nyuma ya kaunta, sijui pa kukaa, na tangu hapo sijatulia hata siku moja. Nilidhani nikipata bei ya vile vinne nitajaza rafu kabla hujajua.

Jana alipita. Picha zako zilikuwa mfukoni, nzuri kupita zangu. Nikamwambia mama hajui kupiga picha. Nisamehe na hilo.

Nafunga duka. Jumamosi nitashukia Mulango na mizani, na yule paka kama atakubali kuingia kwenye kikapu.

Ukiniona mlangoni usiinuke, na usinitolee kiti. Nitakaa chini.

Mwanao,
Mulei