Nani Kapewa Iganga?

Afande wangu,

Niwie radhi. Tangu tulipokuzika Mbale sijakuandikia hata mstari mmoja, nawe unajua kwamba mimi si mtu wa kukaa kimya. Sikuwa mgonjwa, wala sikuwa na shughuli nyingi. Nilikuwa na hasira, na nilifundishwa kwamba mtu haandiki barua akiwa na hasira. Sasa nimeona kwamba nikiingoja iishe sitaandika kamwe. Basi naandika nayo.

Jambo lenyewe ni safari ya Mbale.

Mwanao Wafula amenunua gari jipya. Ni gari zuri, siwezi kusema uongo. Nyuma ya viti vya mbele kuna skrini mbili za katuni, moja ya mjukuu wetu Nambozo na nyingine ya mdogo wake, Masaba. Pasaka walikuja kunichukua hapa Mpumudde, Jinja, twende tukapalilie kaburi lako. Mkwe wetu Ruth alinipigia magoti, akanisalimu vizuri, akakipokea kikapu changu cha ndizi za gonja na karanga kwa mikono miwili, kisha akakifungia kwenye buti. "Mama, gari bado jipya," akaniambia kwa Kiganda. "Gonja lina mafuta, na karanga zitaingia chini ya viti." Watoto wakapewa krispi, biskuti na yogati, wakaziba masikio kwa vile visikilizio vyao, na gari likawa kimya kama chumba cha mtihani. Tukaipita Kakira. Tukaipita Iganga. Hakuna aliyeinua kichwa.

Iganga, Afande! Ilipita bila mwenyewe.

Nakukumbusha, maana inaonekana nimebaki peke yangu na kumbukumbu hizi. Kwingineko, anayeshindwa kitendawili humpa mwenzake mji wowote, hata London. Wewe ulikataa. Ulisema mji ambao huwezi kununua chakula chake si mji. Katika gari letu ilitolewa miji iliyokuwa mbele yetu barabarani tu, na aliyepewa mji ndiye aliyeamua, tukifika, kitakachonunuliwa dirishani na atakayeanza kula. Bugembe ilitolewa ovyo, maana tulikuwa bado tumeshiba. Iganga iligombewa kwa ajili ya gonja la kuchoma na kuku wa vijiti. Nawe uliinyakua kila mara, huku umeshika usukani: "Jeshi langu limeinua bendera nyeupe, lakini halijasalimu amri." Wafula alifikiri mpaka jasho likamtoka, na huku miwa iliyochanua imejaa pande zote mbili za barabara.

Na ile siku alipopewa Tirinyi? Mvua ilikuwa imewafukuza wauzaji wote, akabaki mama mmoja mwenye viazi vitamu vibichi. Nilimwambia Wafula aiachie Tirinyi, asubiri mji mwingine. Alikataa. Mji ulikuwa wake na alitaka tule cha mji wake. Ukakipangusa kiazi kwa leso, ukakitafuna kibichi, uso umekauka kama uko kwenye gwaride la magereza, ukasema, "Amri ni amri." Wafula alicheka mpaka Kamonkoli.

Mtoto huyo ndiye leo mwenye skrini mbili.

Basi siku hiyo ya Pasaka, tulipoiacha Namutumba nyuma, Masaba alitapika. Alikuwa ameinamia katuni muda mrefu na tumbo limejaa yogati. Kiti kipya kikaharibika, Ruth akatokwa na machozi, Wafula akasimamisha gari. Nilimfuta mtoto, nikamkalisha dirishani, nikamwambia atazame mbali. Mtoto aliyetapika hana pa kukimbilia, nami nikaitumia nafasi hiyo. "Kitendawili!" nikamwambia. Hakujua kwamba hujibiwa "Tega!" Nikamfundisha. Dada yake akachomoa kisikilizio kimoja ili asikie mdogo wake anashindania nini, kisha akachomoa cha pili. Tulipoikaribia Kamonkoli, Masaba alikuwa mwenye mji. Akapiga kiti cha baba yake kwa ngumi: "Dadi, simama! Hapa ni kwangu!" Akaamuru mahindi ya kuchoma kwa wote, na mama yake aanze. Ruth alikula. Nilimwona.

Lakini siku ya kurudi skrini ziliwashwa kabla hatujaondoka uani. Ruth alisema, "Mama, kelele zile zilitaka kumgongesha Wafula mbuzi. Na hicho Kiswahili ni lugha ya askari. Kitawasaidia nini watoto?" Nilimjibu kwamba mimi ni Msoga wa Budondo, na yuko askari mmoja Mgisu aliyenibembeleza kwa lugha hiyo kwa sababu hatukuwa na nyingine, na kwamba yeye Ruth ameolewa na matokeo yake. Wafula alikohoa, akawasha gari.

Wiki iliyofuata Wafula alikuja na mnunuzi wa gari lako. Alisema linaoza bure chini ya turubai. Nilimkaribisha mnunuzi chai, nikamsindikiza mpaka njiani, na funguo zikabaki mfukoni mwangu. Kesho yake nikaenda kujifunza udereva.

Cheka, ukipenda. Ulizoea kuniambia, "Mwalimu, usukani haufundishwi ubaoni." Kweli haufundishwi ubaoni. Nimefundishwa na dereva mmoja mstaafu wa jeshi, aliyenipigia kelele kama kuruta: "Madamu, kanyaga breki! Weye nangoja nini?" Nilimwambia, "Sema unangoja," nikakanyaga. Vijana wa boda boda wa hapa kwetu walinifanya mchezo wao wa jioni. "Jaja, tukusukume?" waliniuliza, kana kwamba mimi ni bibi yao. Nilipita katikati yao kwa gia ya kwanza, nikitazama mbele.

Jambo moja tu lilinishinda kwa muda. Kiti kilikuwa bado kimesukumwa nyuma, kwa urefu wa miguu yako. Sikutaka kukigusa. Nilikaa ukingoni, nikanyoosha mguu, haukufika. Nikakaa hivyo, mikono kwenye usukani, sijui kwa muda gani. Wewe ulikuwa...

Nilikivuta mbele, Afande. Sitakirudisha.

Sasa leseni ninayo. Nimewaambia Wafula na Ruth kwamba Desemba, tutakapokuja kwako kwa maombi ya ukumbusho, watoto watapanda gari langu. Kikapu kitakaa kitini. Nitatega vitendawili macho yangu yakiwa barabarani, kama ulivyofanya wewe. Wafula alisema, "Mama, kwa umri huu? Unayajua malori ya Tirinyi?" Nayajua, na hajakosea kuyaogopa. Kwa hiyo nitakwenda polepole, na wenye haraka watanipita. Lakini nilimwambia pia kwamba watoto hawa wamepita mara ngapi sijui katika barabara ya babu yao, na ukiwauliza ni nini kilichopo kati ya Jinja na Mbale watakutajia katuni. Nikifa, hakuna atakayewaambia. Yeye mwenyewe amesahau, na alikuwa na Tirinyi mkononi.

Wamesema watajadiliana, kisha wanipe jibu Jumapili baada ya ibada. Watoto ni wao na siwezi kuwachukua kwa nguvu. Ninachoweza nimekifanya: nimebadilisha matairi, nimemwagiza karanga dada yangu wa Budondo, na sijamwomba mtu ruhusa ya kuwa na safari.

Pumzika, Afande. Wakiisha kuamua nitakuandikia siku hiyohiyo. Kama ni ndiyo, barua itakuwa fupi, kwa sababu nitakuwa nakaanga karanga. Kama ni hapana, itakuwa ndefu, na nitakuletea mimi mwenyewe, kwa gari.

Mwalimu wako