Bakuli Bado Linazama Mara Nane

Tazrut, 5 Machi 2017

Mpendwa mdogo wangu Hssain,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na wenzako wa kwenye mashine ya kuchimba visima. Sisi huku hatujambo, ila goti langu la kushoto linanisumbua kukiwa na baridi. Mbuzi wazima. Ba Addi, mgawa maji wetu, naye mzima, bado anagombana na kila mtu, kwa hiyo usiwe na wasiwasi.

Utashangaa mwandiko. Ni wangu! Kuanzia leo Lahbib, yule mtoto wa baba mdogo, hakuandikii tena kwa niaba yangu. Nimesoma miezi minane pale msikitini na wanawake wenzangu. Mwalimu anasema naandika kama kuku aliyekanyaga wino, lakini kuku huyo anasomeka. Sasa naweza kukwambia yale ambayo sikutaka Lahbib ayasikie.

La kwanza, nimekukumbuka mno. Tangu tumzike mama hujakanyaga hapa, miaka sita sasa. Nikipika kunde nakusikia ukilalamika kwamba nimezidisha bizari.

La pili ni maji. Zamu yetu ni ile ile, kila siku ya kumi na mbili, alfajiri, mabakuli manane. Ba Addi anakaa pale mfereji wetu wa chini kwa chini unapotokea nje, anaweka lile bakuli la shaba juu ya maji, linajaa taratibu kwa kile kitundu cha chini, linazama, naye anafunga fundo moja kwenye uzi. Zamani mabakuli manane yalitosha mitende yote kumi na minne na majani ya ng'ombe, na mengine nikafulia. Sasa bakuli bado linazama mara nane, lakini maji yanaishia kwenye mkomamanga. Nilimwambia, "Ba Addi, unanipunja wewe!" Akafoka, "Mimi napima muda, binti. Maji muulize Mungu."

Wewe unajua mambo ya visima. Nimeona nikuulize wewe kwanza.

Ni mimi dada yako,
Izza


Beni Mellal, 22 Aprili 2017

Dada yangu mpenzi Izza,

Waaleikum salaam. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, na goti lako nalipa pole kutoka huku. Dereva wa basi alinipa barua yako mbele ya wenzangu. Nilipoona mwandiko nilicheka hadi wakadhani nimepata mchumba. Kuku wako anaandika vizuri kuliko mhandisi wetu.

Kuhusu maji, fukueni mfereji. Pengine dari limeporomoka huko ndani, mchanga umeziba njia. Hutokea. Usijipe presha.

Huku ni kazi tu. Mashine inapiga kelele kutwa, jioni masikio yananivuma na sisikii hata adhana. Nakula mkate wa dukani unaovunjikavunjika mkononi. Mara nyingine nikiwa nimekaa juu ya mabomba naiona ile sehemu maji yanapotoka gizani, tulipokuwa tukitumbukiza miguu na Ba Addi akitufukuza na fimbo, na nakosa hamu ya kula. Nitakuja nyumbani. Usiniulize lini.

Nimekutumia shali na chai nzuri kwa huyo huyo dereva. Na nikuulize kitu kimoja: maji yalianza kupungua mwaka gani? Kumbuka vizuri.

Mdogo wako,
Hssain


Tazrut, 11 Juni 2017

Mdogo wangu Hssain,

Salaam nyingi. Afya yangu si mbaya, na yako natumai njema. Shali limefika, Mma Rqiya wa jirani amelitamani mpaka nikaona haya kulivaa.

Mfereji tumeufukua. Kila nyumba ilitoa mtu, yetu alikwenda Lahbib, siku kumi na sita chini ya ardhi. Hakuna dari lililoporomoka, hakuna mchanga. Lahbib anasema kuta zenyewe zimekauka, huko juu kabisa ambako zamani zilikuwa zinatoka jasho. Maji hayajazibwa. Hayaji kabisa.

Umeuliza mwaka. Ni kile kiangazi cha mwaka 2013, pale nyuma ya mlima walipoanza kupanda matikiti. Wana kisima cha mashine na sola zimepangwa mpaka macho yanachoka kuzitazama. Msimu ukifika malori yanapita hapa mlangoni yakielekea bandarini, na sisi tunanunua maji ya kunywa kwa madumu.

Tulikaa kikao. Makelele hayo! Nusu ya waliokaa pale wana watoto wanaokata matikiti kwa hao hao. Lahbib akasema, "Kisima kikifungwa, mimi watoto wangu nitawalisha mchanga?" Ba Addi akamjibu, "Kisipofungwa utawalisha nini, matikiti?" Karibu washikane mashati. Mwishowe tumepeleka malalamiko ofisi ya maji ya wilaya. Kampuni ya matikiti nayo imeonyesha karatasi: eti kisima kina mita sitini tu, tena kiko mbali na mfereji wowote ulio hai.

Ba Addi anasema mashine haioti ndoto. Nyuma ya mlima kote ni mwamba mkavu, isipokuwa kwenye mstari wa vile vichuguu vya udongo vilivyozunguka mashimo ya mifereji ya zamani. Kuna mtu anayejua kusoma vichuguu aliwaonyesha. Mma Rqiya aliinua mikono akasema, aliyewaonyesha Mungu amjalie aombe maji asipewe. Na mimi niliitikia amina, kwa sauti.

Hssain, wewe ni mchimbaji. Ukiangalia kisima utajua kina chake na utawaumbua. Njoo useme mbele ya hao wakubwa. Hapa hakuna mtu mwenye maneno ya kitaalamu.

Dada yako anayekungoja,
Izza


Tazrut, 30 Septemba 2017

Hssain,

Salaam. U mzima? Dereva anasema barua alikukabidhi mkononi, na kwamba uliisomea pale pale ukiwa umesimama.

Ng'ombe tumemuuza. Mitende sita imekauka vichwa, Lahbib ameiangusha. Nilikaa ndani mpaka alipomaliza, sikutaka kuona.

Kama nimekukosea niambie. Kama unaumwa mwambie hata mtu mwingine aniandikie.

Dada yako


Beni Mellal, 14 Novemba 2017

Dada Izza,

Assalaam aleikum. Natumai goti limepungua. Mimi mwili ni mzima.

Barua hii nimeianza mara nne nikaichana. Sasa naiandika moja kwa moja bila kurudi nyuma.

Ni mimi. Yule uliyemwitikia amina.

Mwaka 2013 tajiri wetu alipata kazi ya kisima kwa watu wa matikiti. Sikujua ni wapi mpaka tulipoteremka kwenye gari na nikauona mlima wetu kwa mgongo wake. Mhandisi alichimba mara mbili, pakavu. Siku ya tatu alikuwa amenuna, akasema tajiri atatufukuza wote. Mimi nikaangalia chini nikaona vichuguu. Wewe unajua babu alivyotufundisha. Nikasema, "Chimbeni pale, kwenye mstari ule." Nilifurahi, Izza. Nakiri. Mhandisi alinipiga bega, akaniita profesa, na jioni hiyo nikala sahani moja naye.

Niliwaambia huo ni Bibi Kizee. Mfereji uliokufa kabla babu hajazaliwa, usiomwagilia shamba la mtu. Naapa kwa kaburi la mama nilidhani hivyo. Sikudhani nimegusa maji yenu hata tone. Nilijua tu uliponijibu kuhusu mwaka.

Kina chake si mita sitini. Ni mia moja na arobaini. Mabomba niliyashusha kwa mikono yangu hii.

Na kuna jambo lingine, hili ndilo linaloniumiza zaidi. Siku ya mwisho nilipanda mlimani. Niliiona mitende yetu, niliona moshi wa jiko, na ilikuwa saa ya mchana unapooka mkate. Ingenichukua saa moja tu kuteremka. Nilikuwa na suruali ya grisi, sina mke, sina zawadi, nikaona haya kuingia kijijini hivyo. Nikarudi kwenye gari.

Nimewapanga wote wenye kosa. Mhandisi, tajiri wangu, mwenye kampuni, aliyetia saini karatasi ya uongo, na hao wa ng'ambo wanaokata tikiti lao bila kujua limekunywa nini. Kila nikiwahesabu, mwisho wa mstari kuna mkono wangu umenyoosha kidole.

Usiwaambie bado. Au waambie. Fanya utakavyoona.

Mdogo wako, kama bado unaniita hivyo,
Hssain


Tazrut, 9 Januari 2018

Hssain,

Salaam. Nimechelewa kujibu kwa kusudi. Wiki tatu za kwanza nilikuwa nakulaani nikifagia, nikikanda, nikikamua mbuzi. Usije ukadhani nakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Ulifika hapo juu, ukauona moshi wa jiko langu, ukageuza! Kisima nakielewa, kazi ni kazi. Hilo la moshi bado silielewi.

Sasa sikiliza jambo ambalo nyinyi wanaume hamkuwahi kulijua, kwa sababu hatukuwahi kuwaambia. Bibi Kizee hakufa. Kila bi harusi wa Tazrut hupelekwa kwenye kichuguu chake cha saba, anatupa shimoni ule uzi mwekundu wa sufu aliofungiwa mikono wakati wa hina. Siku ya tatu au ya nne uzi unatokea huku kwetu, kwenye birika la kufulia linalojazwa na mfereji, na wanawake tunapiga vigelegele. Nyinyi mnadhani tunashangilia kufua nguo. Mifereji hiyo miwili imeungana chini kwa chini, bibi yake bibi yetu alijua hivyo. Wangu ulitoka siku ya nne. Wa mwisho kutoka ni wa binti wa Mma Rqiya, mwaka 2012. Waliofuata wote, hakuna uzi uliorudi, na wale mabinti walilia wakidhani ndoa zao zina mkosi.

Ungeniuliza siku ile ningekwambia. Ulikuwa saa moja tu kutoka mlangoni kwangu.

Na mimi nina langu. Misimu miwili iliyopita nimefanya kazi kwao, kwenye banda la kufungasha. Nafuta tikiti vumbi, naligongagonga, zuri naliweka kwenye sanduku. Goti langu ni la huko, si la baridi. Sikukwambia kwa sababu niliona aibu, na unga ulikuwa umekwisha. Kwa hiyo niliitikia amina nikiwa na vumbi lao kwenye kucha.

Ofisi ya maji itasikiliza kesi yetu tarehe 20 Februari, saa nne, ukumbi wa wilaya. Mma Rqiya amekubali kusema habari za uzi. Lakini watasema ni hadithi za wanawake, kama hakuna mtu wa kutaja mita mia moja na arobaini.

Sijamwambia mtu yeyote. Nimekuachia wewe.

Izza


Beni Mellal, 2 Februari 2018

Dada,

Salaam. Nitakuja. Nimeacha kazi kabla hawajaniachisha.

Hssain


Tazrut, 4 Machi 2018

Mdogo wangu mpenzi Hssain,

Assalaam aleikum. Sijui barua hii itakukuta wapi, maana kazini hupo tena. Dereva amesema atauliza kule mlikokuwa mmepanga vyumba. Natumai unakula.

Siku ya kesi sisi wanawake tuliwekwa nyuma ya ukumbi, lakini nilikuona. Umeota mvi juu ya masikio na hukuniambia. Ulipotaja jina la baba na la babu kabla ya kutaja la kwako, ukumbi wote uligeuka kukutazama. Ulipotaja mita, mhandisi akaruka, "Mwongo huyu, ana chuki!" Nawe ukasema taratibu, "Mwongo wa kujitia hatiani mwenyewe umemwona wapi?" Nilitaka kupiga kigelegele, nikajiziba mdomo na shali lako. Kisha Mma Rqiya akasimama na uzi wake, na yule mkubwa wa kamati akauliza mara mbili kichuguu cha ngapi. Aliandika, Hssain. Nilimwona akiandika.

Pampu imetiwa lakiri mpaka wapime upya. Kampuni imekata rufaa. Lahbib hana kazi na hasemi nami.

Niliona pia ulivyotoka. Wanaume wa kwetu walijitenga pande mbili ukapita katikati, na hakuna aliyekupa mkono. Ba Addi, aliyekutoa mwiba mguuni mara mia, alitazama ukuta. Nilijipenyeza kati ya watu nikikuita, na goti hili halina mbio. Nilipofika barabarani basi lilikuwa limeshapinda kona. Nyumbani nilikuwa nimechinja jogoo. Nilikaa naye mezani mpaka akapoa, nikawapa majirani.

Ijumaa iliyopita kikao kilikaa. Wakasema jina lako lisitajwe kwenye zamu za nyumba yetu. Sijawahi kusema mbele ya wanaume, lakini nilisimama. Nikasema mimi Izza nimefungasha matikiti misimu miwili. Nikasema, mtu ambaye nyumbani kwake hakuna hata mmoja aliyekula mkate wa matikiti, asimame alifute jina la mdogo wangu. Walitazama viatu vyao. Ba Addi aliguna, akasema kikao kimekwisha, na jina halikufutwa. Sitakudanganya kwamba wamekusamehe. Wengine hawatakusalimia mpaka wafe. Ukija utapita kwao na utawasalimia wewe kwanza, nami nitakuwa ubavuni kwako.

Mimi nimekusamehe kisima. Ule moshi nitakusamehe ukiwa umekaa mbele yangu, si kwa barua.

Mtaalamu wa ofisi alikuja kupima. Nilimuuliza maji yatarudi lini. Akasema, mama, hata wakifunga kisima leo, labda miaka saba, labda yasirudi kabisa. Maji siwezi kuyaharakisha. Wewe uko saa nane tu kwa basi, na linaondoka huko kila Jumanne.

Dada yako,
Izza